Kibarua wa mkonge ana likizo

Katika mashamba ya mkonge ya Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, imezoeleka kusemwa kwamba kibarua hana likizo. Si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi wa msimu likizo yenye malipo. Hata asiye wa msimu, aliyeitwa kazini zaidi ya mara moja kwa mwajiri yuleyule ndani ya mwaka, anastahili endapo jumla ya vipindi imepita miezi 6. Wengi hupunjwa hapa: kila kipindi huhesabiwa peke yake, kana kwamba cha kwanza hakikuwapo. Kwa hiyo tunza karatasi za malipo za vipindi vyote, zenye tarehe. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, sikukuu zikiwemo.