CMP ni kitu gani? Ninavyosoma kotesheni za matangazo ya mtandaoni

Kazi yangu ni matangazo ya kulipia mtandaoni, na wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wa Dar wanaouzia Instagram na WhatsApp. Siku hizi muda mwingi unaishia kwenye kusoma karatasi za watu wengine. Mtu anapewa kotesheni na "mtaalamu wa dijitali", anaipiga picha, ananitumia na swali moja chini yake: "Kaka, hii nilipe?"

Ya karibuni imetoka kwa dada mmoja anayeuza vitenge Kariakoo. Mstari uliomchanganya uliandikwa hivi: "CMP 4,000 x 50 = 200,000/=". Alikuwa ameshaitafuta CMP Google na akapata maelezo yaliyonyooka kabisa: ni programu inayowekwa kwenye tovuti ili mgeni aombwe ridhaa kabla ya kufuatiliwa, jambo lililoenea baada ya sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi kuanza kutumika mwaka 2018. Maelezo ni sahihi, ila yeye hana tovuti wala mteja wa Ulaya.

Neno lililokosewa likiwa halina maana popote, Google yenyewe inakuuliza kama ulikusudia lingine. Shida ni pale kosa linapoangukia kwenye neno halali la jambo jingine. Hapo unapewa somo zuri la kitu kisichokuhusu, na huna sababu ya kushtuka. Hata lisipokosewa, kifupisho kinaweza kuwa na wenyewe wawili. CPA kwetu ni mhasibu aliyefaulu mitihani ya bodi. Kwenye matangazo ni gharama ya kila mtu aliyefanya ulichotaka afanye, iwe kununua au kujaza fomu. Kwa hiyo usitafute kifupisho peke yake. Kiandike pamoja na majirani zake: "CMP matangazo Instagram bei". Majirani ndio wanaokitaja ni cha ukoo gani.

Mimi huanza na namba kabla ya herufi. 4,000 mara 50. Hamsini nini? Yule dada alisoma wateja hamsini, kila mmoja kwa shilingi elfu nne, akaona si mbaya. Lakini chini ya ukurasa palikuwa na "impreshen 50k", yaani tangazo kuonekana mara 50,000, na hilo likamaliza ubishi. Mwandishi alikusudia CPM, herufi mbili zikapishana. M hiyo ni ya mille, elfu kwa Kilatini, na CPM ni bei ya tangazo kuonekana mara 1,000. Hamsini zake ni hamsini za elfu.

Sasa tuzishushe hadi dukani, kwa viwango ninavyoviweka kwa mfano tu. Tangazo limeonekana mara 50,000. Kuonekana si watu: mtu mmoja akiliona mara tano, umewafikia watu 10,000, na ripoti itakuonyesha namba zote mbili, moja ya mionekano na moja ya watu. Tuseme katika kila mara mia linapoonekana, linabonyezwa mara moja. Zinakuwa kliki 500, kila kliki shilingi 400. Katika waliobonyeza, tuseme mmoja kati ya kumi anaandika meseji WhatsApp. Hao ni watu 50, na ukigawa 200,000 kwa 50 unapata elfu nne kila mmoja. Hamsini za yule dada zimerudi zilezile! Ila hawa ni watu wa "bei gani?" na "mnaleta mkoani?". Mnunuzi bado hajaonekana.

Nilimshauri amwandikie kijana aliyempa kotesheni kwa upole, maana kukosea herufi si wizi: "Kaka habari za kazi. Hizo 50 ni mara tangazo litakapoonekana, ni watu, au ni meseji? Na hiyo laki mbili inaingia Meta yote, au na hela yako ya kazi imo humo?" Meta ndiyo kampuni yenye Instagram na WhatsApp, na hela ya tangazo huingia kwake. Jibu likaja bila kona. Ni mara 50,000 za kuonekana. 140,000 ni za Meta na 60,000 ni ufundi wake. CPM halisi ya Meta hapo ni shilingi 2,800, na kijana anastahili hela yake. Alichokosea ni kuificha ndani ya CPM, na hilo ni kubwa kuliko herufi kupishana.

Makosa mengine yanatoka sikioni. Nimeshaona "tutakufanyia CEO ya website", na kwa muktadha tu unajua ni SEO, ile kazi ya kuifanya tovuti ipande kwenye majibu ya Google. Nimeona "rozi 3" pia, nikafikiri ni maua. Ni ROAS, yaani mauzo ukigawa kwa hela ya tangazo, na hii nataka tukae nayo kidogo kwa sababu inadanganya hata ikiandikwa sawasawa. Umetangaza kwa 200,000, vitenge vimeuzika kwa 600,000: ROAS ni 3, unapigiwa makofi. Vitenge hivyo ulivichukua kwa 450,000. Faida ya mzigo ni 150,000, tangazo limekula 200,000, umepoteza 50,000 kabla hujamlipa bodaboda. ROAS haijui ulinunua mzigo kwa shilingi ngapi, na anayekuonyesha namba hiyo naye mara nyingi hajui.

Halafu kuna maneno yasiyokosewa ila yamechacha. AdWords ilianza mwaka 2000 na tangu 2018 inaitwa Google Ads. Maelezo ya zamani yamejaa jina la kwanza, kwa hiyo usihangaike kutafuta kitufe chake. AdSense ni jambo jingine kabisa japo inachanganywa nayo kila siku: kwenye Google Ads wewe unalipa, kwenye AdSense mwenye tovuti ndiye analipwa. Ukiona kotesheni inakudai hela ya "kutangaza kwa AdSense", uliza pesa inatoka wapi kwenda wapi. Na ukitozwa kwa ajili ya "meta keywords", yaani maneno yanayofichwa ndani ya tovuti ili Google iyasome (hayahusiani na kampuni ya Meta), usilipe. Google ilisema wazi mwaka 2009 kwamba haiyatumii katika kupanga majibu yake. "DA 40" nayo ni alama ya kampuni iitwayo Moz, kati ya 1 na 100, inayokadiria uwezo wa tovuti kupanda kwenye majibu ya utafutaji. Inasaidia kulinganisha tovuti na tovuti, lakini si alama ya Google, hata muuzaji akiitamka kana kwamba ametumwa na Google.

Wapo wanaoniambia nikiona kosa la tahajia nikimbie. Sikubali, maana hata mtandao wenyewe unatembea na kosa la tahajia. Kivinjari kinapoiambia tovuti mgeni ametokea ukurasa gani, taarifa hiyo husafiri chini ya jina Referer, na kwa Kiingereza sahihi hapo pangekuwa na r mbili katikati. Kosa liliingia kwenye waraka rasmi wa mwaka 1996 wa HTTP, yaani kanuni ambazo kivinjari na tovuti huwasiliana kwazo, programu zikajengwa juu yake, na hadi leo fundi akiliandika "kwa usahihi" programu yake haipati kitu.

Kinachonitia wasiwasi ni neno lenye herufi zote sawa lakini halihesabiki. "Kuamsha algorithimu." "Busti ya VIP." "Engejimenti ya uhakika." Ukiuliza ni ngapi, kwa siku ngapi, na zitaonekana kwenye skrini gani, unajibiwa kwa sifa. CPM, hata ikikosewa, ina namba unayoweza kuigawa.

Mahali pa kuhakiki papo, tena bure. Meta ina maktaba ya matangazo iliyo wazi kwa kila mtu. Unachagua nchi, unaandika jina la ukurasa wako, na inakuonyesha matangazo yaliyo hewani kwa wakati huo pamoja na tarehe yalipoanza. Ukiambiwa "kampeni inaendelea" na maktaba haina kitu chini ya jina lako, piga picha ya skrini, mtumie aliyekuambia, na umuulize inaendelea kwenye ukurasa upi.