Mwanga wa kukagulia sarafu: maana yake na jinsi ya kuuchagua

Mwanga wa kukagulia sarafu ni mwanga unaotoka kwenye chanzo kimoja kidogo, upande mmoja, ndani ya chumba ambacho taa nyingine zimezimwa, na unaobaki vilevile kila unapokaa kukagua. Kazi yake si kuipendezesha sarafu. Kazi yake ni kuufichua uso wa sarafu, uonekane ulivyopigwa chapa, ulivyoshikwashikwa, ulivyolika na ulivyosuguliwa. Mkusanyaji anayekagua chini ya taa isiyofaa anaweza kununua shilingi iliyosuguliwa kwa majivu na ndimu akiamini kwamba haijawahi kuingia sokoni, na pengo la bei kati ya hizo mbili ni kubwa.

Wakusanyaji wengi duniani hupanga daraja za sarafu kwa kipimo cha 1 hadi 70. Kipimo hicho kilitokana na Mmarekani William Sheldon, aliyekitoa mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za zamani za nchi yake, na baadaye kikachukuliwa na kampuni za kupanga daraja kama PCGS na NGC. Sarafu ya 1 imelika hadi hutambulika kwa shida. Ya 70 haina dosari. Kuanzia 60 kwenda juu ni zile ambazo hazikutumika kabisa. Daraja ya 58 ni sarafu iliyoguswa kidogo tu kwenye sehemu zake zilizoinuka, na chini ya taa mbaya hutaweza kuitofautisha na ya 62 au 63. Hapo ndipo taa inapoamua, kwa sababu macho ni yaleyale na sarafu ni ileile.

Kitu kikuu kinachotafutwa ni mng'ao wa asili, na inafaa kuelewa unatoka wapi. Kipande cha madini kinapobanwa kwa nguvu kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, madini hayo husukumwa kuelekea ukingoni. Msukumo huo huacha mistari midogo mno, isiyoonekana kwa jicho, inayotoka katikati kwenda nje. Mwanga wa chanzo kimoja ukiigonga mistari hiyo hurudi kwa mikanda, na ukiinamisha sarafu taratibu mikanda huzunguka usoni mwake kama spoki za gurudumu la baiskeli. Sarafu ikianza kutumika, mistari hulika kwanza mahali picha ilipoinuka: nyusi na taji la mfalme, bega la simba, shingo la korongo. Ukiona mkanda wa mwanga unazunguka vizuri kwenye uwanja, yaani sehemu bapa isiyo na picha, lakini unakatika ukifika kwenye bega la simba na kuacha doa la kijivu, sarafu hiyo imetumika, hata kama muuzaji anaapa kwamba haijatoka benki.

Sarafu iliyosuguliwa nayo hung'aa, tena kwa ukali, na ndiyo maana huwadanganya wengi. Lakini mistari yake imefutwa. Inamisha na uzungushe unavyotaka, hakuna mkanda unaotembea. Uso mzima unawaka kwa pamoja, kisha unazima kwa pamoja. Zaidi ya hapo utaona mikwaruzo membamba kama nywele, mingi ikielekea upande mmoja, njia ile kitambaa kilipopita. Kwangu mimi hakuna dalili muhimu kuliko hii, na mtu akijifunza jambo moja tu kuhusu kukagua sarafu, na awe amejifunza hili.

Sasa angalia taa za maduka na ofisi za Kampala. Nyingi ni tyubu ndefu au mabamba ya LED yaliyobandikwa darini. Mwanga wake unatoka kila upande, kwa hiyo kila mkwaruzo unamulikwa pande zote mbili na kivuli chake kinapotea. Mikanda ya mng'ao nayo inapandana mpaka haionekani. Sarafu ya kawaida inaonekana safi na laini, na sarafu nzuri sana inaonekana ya kawaida. Makabati ya vioo yenye ukanda wa vitaa vyeupe ni mabaya zaidi, maana kila kitaa kinaacha nukta yake juu ya sarafu na jicho linavutwa na nukta hizo badala ya uso wenyewe. Ukipendezwa na sarafu dukani, omba uisogeze mbali na kabati, au uitazame kwa taa ya mezani ukiwa umeipa mgongo taa ya darini.

Kwa miaka mingi chaguo la wapangaji daraja lilikuwa balbu ya zamani ya waya, ya wati 75 au 100, ndani ya taa ya mezani yenye kofia isiyopitisha mwanga. Bado ni taa nzuri. Ila kwa Uganda mimi napendekeza LED, na sababu yangu ni umeme. Nguvu ya umeme ikishuka, kama inavyotokea jioni mitaa mingi, balbu ya waya hufifia na mwanga wake huwa mwekundu zaidi. Sarafu uliyoikagua saa nane mchana haitakuwa ileile machoni pako saa mbili usiku. LED iliyotengenezwa vizuri haiyumbi kwa mabadiliko madogo, na inaweza kutumia betri ya sola umeme ukikatika. Tafuta yenye umbo la balbu, si ukanda wala bamba, yenye takriban lumeni 1,100, ambao ndio mwanga wa balbu ya waya ya wati 75. Kwenye boksi angalia namba ya kelvini: kati ya 2,700 na 3,000 ni mwanga wa joto, unaokaribiana na ule wa balbu za zamani. Angalia pia kiwango cha kuonyesha rangi, kinachoandikwa CRI au Ra. Kikiwa 90 au zaidi, rangi za madini hazitapotoshwa sana.

Balbu ya halojeni ina ukali kupita kiasi. Hufichua kila kitu, hata alama ndogo za mfuko, za sarafu kugongana mfukoni, ambazo kila sarafu ya kiwandani huwa nazo, na sarafu njema ikaonekana imeharibika. Itumie pale tu unapoishuku sarafu.

Suala la rangi linahusu zaidi shaba nyeusi, yaani bronzi, na sarafu za kwanza za Uganda huru zinatoa mfano mzuri. Mwaka 1966 Benki Kuu ya Uganda ilitoa senti 5, 10 na 20 za shaba nyeusi, pamoja na senti 50 na shilingi za mchanganyiko wa shaba na nikeli. Madini ya kundi la shaba hupangwa pia kwa rangi: nyekundu ya kiwandani, nyekundu iliyochanganyika na kahawia, au kahawia tupu. Taa ya kelvini 2,700 huongeza wekundu, na taa nyeupe ya kelvini 6,500 huupunguza. Kwa hiyo senti 20 moja inaweza kuwa nyekundu nyumbani kwako na kahawia dukani. Dawa yake ni kubaki na taa moja, na kuwa na sarafu yako ya kulinganishia, unayoijua daraja na rangi yake bila shaka. Itazame hiyo kwanza kila unapokaa kukagua, jicho likae sawa, ndipo ufungue nyingine.

Dirisha nalo linasaidia kwa rangi. Mwanga wa mchana wa kivulini unaonyesha vizuri kama wekundu wa shaba ni wa asili au ni wa kuoshwa kwa dawa, ambao huwa na upinki usio na uhai. Kwa mikwaruzo, dirisha halifai. Jua la moja kwa moja, hasa hili letu la karibu na ikweta linalosimama utosini saa sita mchana, linaumiza macho, na wingu likipita umepoteza kipimo chako.

Ukishapata taa, namna ya kuitumia ni fupi. Tandika kitambaa laini cha rangi ya giza mezani, zima taa ya darini, weka balbu kama sentimita 30 kutoka kwenye sarafu, na kofia ya taa ikinge macho yako. Shika sarafu kwa ukingo, kamwe usiguse uso. Iinamishe mbele na nyuma, kisha uizungushe mduara mzima, kwa sababu mkwaruzo mwembamba huonekana tu unapokuwa umeukata mwanga kwa upana. Ukilala sambamba nao, hujifichua kwa shida. Tazama kwa macho matupu kwanza, uamue, ndipo uchukue lenzi ya kukuza mara 5 au hadi 10 kuhakikisha mahali ulipotilia shaka. Ukianza na lenzi yenye nguvu, kila sarafu itaonekana mbovu.

Sarafu zenye uso unaoakisi kama kioo zina namna yake. Zipo za Uganda, za fedha na za dhahabu, zilizotolewa mwaka 1969 kwa heshima ya ziara ya Papa Paulo VI nchini. Uwanja wake unaakisi balbu yenyewe, na hapo hapana mikanda ya kufuatilia. Tafuta taswira ya balbu ndani ya uwanja, halafu tazama pembeni kidogo tu ya taswira hiyo. Mikwaruzo ya kitambaa hukusanyika hapo.

Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza kutolewa mwaka 1921, yenye simba mbele ya milima, inahitaji subira ya aina nyingine. Madini ya fedha ndani yake yalikuwa sehemu 250 tu katika 1,000, na mng'ao wake hata ikiwa mpya ni wa upole kuliko wa fedha ya daraja la juu. Usiishushe daraja kwa sababu haiwaki. Fuata mkanda wa mwanga pale ulipo, hata ukiwa hafifu, uone kama unakatika kwenye bega la simba.

Siku hizi sarafu nyingi huuzwa kwa picha za WhatsApp, na picha nzuri hupigwa kwa mwanga uliotawanywa, ule uleule unaoficha mikwaruzo. Kabla ya kutuma pesa, mwombe muuzaji video fupi: chumba chenye taa moja, sarafu ikishikwa kwa ukingo, ikiinamishwa na kuzungushwa taratibu, pande zote mbili. Akikutumia picha nyingine badala ya video, punguza bei unayoitoa kana kwamba sarafu imesuguliwa.