Stelingi nzito haimaanishi oil ya pauwa imeisha

Jamani hii tabia ya stelingi ikiwa nzito tu mtu anakimbilia kuongeza oil ya pauwa, yaani ile inayosaidia stelingi iwe nyepesi, tuiache. Ile oil inazunguka kwenye mfumo uliofungwa, haiishi kama petroli, ukiona imepungua ujue kuna mahali inavuja, iwe paipu, pampu au sili za raki (ile sehemu inayogeuza tairi), na unayoongeza leo nayo itamwagika. Halafu gari nyingi ndogo tunazoendesha siku hizi, Honda Fit, Passo, Prius, hazina hiyo oil kabisa! Zinasaidiwa na mota ya umeme, kwa hiyo angalia taa ya stelingi kwenye dashibodi, fyuzi, betri na alteneta inayoichaji, maana umeme ukishuka mota nayo inakosa nguvu.

Ila kabla ya yote pima upepo wa tairi za mbele. Tairi ikiwa laini inalalia lami eneo kubwa, kuigeuza gari ikiwa imesimama inakuwa kazi kweli, na kipimo sahihi mara nyingi kipo kwenye stika ya mlango wa dereva, usikisie kwa kupiga teke. Kwa gari za oil, ukisikia mlio mkali wakati unakata kona cheki belti inayozungusha pampu, ikilegea inateleza na pampu haizunguki vizuri.