Zege la Uji na Dhana Nyingine Zinazochosha Nyumba Kabla Hujahamia

Anayejenga kwa kudunduliza, mwezi huu tripu ya mchanga, mwezi ujao nondo, hupewa ushauri mwingi kuliko saruji anayonunua. Jirani ana lake, saidia fundi ana lake, mwenye duka la vifaa naye hakosi la kusema. Ushauri mbovu haukuumizi siku ile. Unakuumiza miaka mitatu baadaye, plasta inapovimba na ufa unapoanzia kona ya dirisha kupanda juu. Hizi ni dhana ninazozisikia karibu kila saiti, na utaona nyingi zinagusa kitu ambacho hakiandikwi kabisa kwenye orodha ya manunuzi: maji.

"Zege likiwa laini linaingia vizuri kila kona"

Linaingia kweli, ndiyo maana saidia fundi analipenda. Zege zito linachosha mikono. Ukilitia ndoo moja zaidi linashuka lenyewe kama uji, kazi inakwisha mapema na kila mtu anafurahi.

Mfuko wa saruji wa kilo 50 unahitaji maji lita 25 hivi kwa zege la kawaida, yaani ndoo kubwa ya lita 20 na robo yake. Kama mchanga umenyeshewa, sehemu ya maji hayo tayari imo humo, kwa hiyo unapunguza. Maji yanayozidi hayaungani na saruji. Yanakaa, yanakauka polepole, na pale yalipokuwa panabaki vitundu. Ongeza lita 10 kwenye mfuko mmoja na zege linaweza kupoteza theluthi ya nguvu yake au zaidi, na saruji yote umeilipia. Vitundu hivyo ndivyo baadaye vinapitisha unyevu na chumvi mpaka kwenye nondo. Nondo ikiota kutu inavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Kwa Dar es Salaam, wa karibu na bahari, Kigamboni au Mbweni, wanaliona hili mapema kuliko wa Chanika, mbali na pwani.

Unataka kuhakiki? Mwaga chepe moja la zege juu ya ubao. Likisimama na kushuka taratibu, endeleeni. Likitambaa, maji ya kijivu yakatangulia na kokoto zikabaki nyuma, simamisha kazi. Kona zinajazwa kwa kushindilia, kwa vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege, au hata kwa kipande cha nondo ukichomachoma, si kwa maji. Na zege lililoanza kuganda kwa sababu watu walienda kula, usikubali "lifufuliwe" kwa ndoo nyingine. Hilo limekwenda.

"Jana tumemwaga, leo limekauka, tuendelee"

Hapa maji yale yale uliyokuwa unayabana sasa yanatakiwa kwa wingi. Zege haligandi kwa kukauka. Saruji inagandishwa na maji, na ikikaushwa mapema kazi hiyo inakatika katikati. Likishashika, linyweshe maji asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau. Jua likiwa kali, lifunike kwa magunia mabichi au nailoni. Nguvu inayoandikwa kwenye vipimo ni ya siku ya 28. Siku ya saba zege la kawaida huwa na kama theluthi mbili tu ya nguvu hiyo, ingawa ukiligonga linalia vizuri.

Kwa hiyo mirunda, ile miti inayoshikilia slabu kwa chini, isiguswe hadi wiki tatu hivi. Mwenye mirunda ya kukodi atakupigia simu kila siku. Mwache apige.

"Mfuko mmoja unatoa tofali 50"

Hesabu hii kila mtu anaweza kuifanya mwenyewe. Tofali la inchi 6 lina urefu wa sentimita 45, kimo 22.5 na unene 15. Zidisha: ni kama lita 15 za mchanganyiko ulioshindiliwa. Tofali 50 ni lita 760. Mfuko wa saruji, ukiumwaga kwenye ndoo, ni kama lita 35. Maana yake kila sehemu moja ya saruji imebebeshwa sehemu zaidi ya 20 za mchanga, na bado hujahesabu kwamba mchanga ukishindiliwa unapungua. Hilo ni pambo la ukuta. Hata tofali 30 kwa mfuko, ambazo wengi wanaziita nzuri, zinafika kwenye moja kwa kumi na tatu hivi.

Ndiyo maana sipendi kununua tofali kwa kuuliza bei tu. Shika kona ya tofali, isugue kwa kidole gumba. Ikimomonyoka mkononi, umalizie salamu uondoke. Liachie lianguke kutoka usawa wa kiuno kwenye ardhi ngumu: linaweza kumeguka pembe, lakini lisitawanyike. Ukifyatulia saitini kwako, kaa uhesabu matoroli ya mchanga mwenyewe, maana toroli moja linazidi mfuko wa saruji karibu mara mbili kwa ujazo. Na tofali mbichi nazo zinywesheni kivulini. Zikianikwa juani siku ile ile, hata saruji ya kutosha haizisaidii.

Mchanga wenyewe usiuamini kwa rangi. Jaza chupa ya maji nusu yake kwa mchanga, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, iache itulie saa chache. Tope litakaa juu ya mchanga. Likikaribia sehemu moja ya kumi ya kimo cha mchanga, mwambie dereva ageuze. Mchanga wa ufukweni ndio kabisa, usiingie kwenye zege lenye nondo. Bei yake ni rahisi kwa sababu hiyo.

"Saruji ni saruji tu"

Namba kwenye mfuko zina maana. 32.5 na 42.5 ni nguvu ya chini inayotakiwa baada ya siku 28, kwa kipimo cha newton kwa milimita ya mraba. Ya 42.5 ipeleke kwenye nguzo, slabu na renta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Ya 32.5 inatosha kujengea na kupiga plasta, na wanaodhani plasta ya saruji kali zaidi ni plasta bora zaidi wanashangaa inapojaa nyufa nyembamba kote. Saruji ikikaa stoo zaidi ya miezi mitatu, hasa Pwani penye unyevunyevu, usiitumie kwenye nguzo. Iliyoshikana mawe ukaiponda na kuichekecha ni kifusi cha bei ghali.

Tukiwa hapo hapo: nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa za Mji Mkongwe, Lamu au Bagamoyo hazipigwi plasta ya saruji "ziwe imara". Ukuta wa chokaa unapitisha unyevu na kuutoa. Ukiufunga kwa saruji, unyevu unabaki ndani pamoja na chumvi, plasta inabanduka kwa mabamba na boriti zinaozea ukutani. Fundi wa chokaa anaijua kazi hiyo kuliko wewe, mfuate.

"Boma likinyeshewa masika mawili linakomaa"

Boma, yaani kuta zilizosimama bila paa, lina ukweli nusu hapa. Mvua ya wiki za mwanzo inasaidia kunywesha, na msingi ukipewa muda unatulia kabla ya plasta. Baada ya hapo mvua inafanya kazi ya kubomoa: inaingia kwa juu ya ukuta, inaosha viungo, inazitia kutu nondo zilizoachwa zimechomoza. Ukiishiwa hela, funika vichwa vya kuta kwa saruji nyembamba na uzipake nondo saruji ya majimaji.

"Msingi mrefu ndiyo imara"

Inategemea unakaa juu ya nini. Udongo mweusi wa mbuga, kama wa sehemu za Shinyanga au Embakasi kule Nairobi, unavimba masika na kupasuka kiangazi. Unainua nyumba na kuishusha, hata ukiongeza kina cha kozi mbili, yaani mistari miwili ya tofali. Kinachotakiwa ni kuutoa mpaka ufike kwenye moramu au tabaka gumu, au mhandisi aliyesajiliwa akuchoree msingi wa udongo huo. Mhandisi huyo huyo ndiye wa kumuuliza kama unawaza kupandisha ghorofa baadaye. Fundi akikuambia "huu msingi unabeba", muulize amepiga hesabu gani.

"Bati la geji 30 ni nene kuliko geji 28"

Kinyume chake. Namba ikipanda, unene wa bati unapungua. Geji 28 ni kama milimita 0.38, geji 30 ni 0.31 hivi. Wauzaji wengine wanacheza hapo hapo, kwa hiyo omba unene kwa milimita na uandikwe kwenye risiti.

"Fundi mzuri hahitaji kusimamiwa"

Anahitaji, na mzuri hatakasirika. Huwezi kushinda saitini kila siku, lakini siku ya kumwaga zege uwepo, au awepo mtu wako anayejua anachokitazama. Wanaojenga wakiwa Muscat au London hupelekewa picha za renta iliyokwisha kumwagwa, inang'aa, na haionyeshi chochote cha maana. Omba picha ya jana yake: nondo zikiwa wazi ndani ya mbao, futi ya kupimia imelazwa juu yake ili nafasi kati ya ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozizungushia nondo, zisomeke, na chini kuna biskuti, vile vipande vya zege vinavyoinua nondo isilale kwenye ubao. Omba pia picha ya mifuko mitupu ya saruji baada ya kazi, imepangwa, ihesabike. Hela ya siku inayofuata itumwe picha zikishafika.