Tumbojoto kabla ya kuruka kwa parachuti mara ya kwanza: maswali na majibu

Diani, kusini mwa Mombasa, watu hupanda ndege ndogo na kurudi chini kwa parachuti hadi ufukweni. Anayeruka mara ya kwanza hufungwa mikanda kifuani mwa mkufunzi, wote wawili wakashuka kwa parachuti moja. Maswali ninayoulizwa karibu yote ni ya woga.

Kila nikiiwaza siku yenyewe, moyo unaenda mbio na tumbo linavuruga. Je, moyo wangu una kasoro?

Kama huna ugonjwa wowote, huo ni mwili unaofanya kazi yake. Ubongo ukihisi hatari, tezi mbili zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini, kemikali inayouandaa mwili kukabili hatari. Moyo hupiga haraka, mate hukauka, viganja hulowa jasho, na damu hupungua tumboni ili misuli ipate zaidi. Hapo ndipo tumbojoto linapotoka, na ndiyo sababu ya zile safari za chooni. Dada mmoja niliyemsindikiza alijaribu kufunga kamba za viatu mara tatu, vidole vikakataa. Aliruka vizuri tu.

Lakini ukipata maumivu ya kifua, ukizirai, au mapigo yakipotea mpangilio hata ukiwa umepumzika, muone daktari kabla ya kulipia.

Nifanye nini ili woga uishe?

Usiutafutie kuisha. Ukijiambia "tulia, tulia" huku mwili umeshawaka, unashindana nao bure. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha kwamba waliojiambia wana hamu na jambo lililo mbele yao walifanya vizuri kuliko waliojiamuru watulie. Aliwapima kwa kuimba, kuhutubia na kufanya hesabu, lakini naona funzo hilo linafaa hapa pia. Moyo wa mwenye hamu na wa mwenye hofu hupiga karibu sawa; kinachobadilika ni jina unalolipa pigo hilo.

Kisha pumua. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe taratibu kwa mdomo ukihesabu hadi nane. Kutoa pumzi kwa muda mrefu ndiko kunakoupunguza mwendo wa moyo. Anza mazoezi wiki moja kabla, ukiwa kitandani, usingoje ndege iwashwe.

Saa ngumu kuliko zote ni za kungoja, upepo au mawingu yakichelewesha safari. Kaa kivulini, kunywa maji, piga soga na mkufunzi. Mwambie wazi kwamba unaogopa. Amewabeba wengi kama wewe, na akijua atakueleza kila hatua kabla haijafika.

Mimi hata roshani ya ghorofa ya nne inanitia kizunguzungu. Nitaweza?

Wengi wa aina yako wanaweza. Ghorofani jicho linaufuata ukuta mpaka chini, na ubongo unaupima umbali. Ukiwa mita 3,000 juu hakuna ukuta. Minazi ni madoa ya kijani, na mawimbi yanayovunjika kwenye mwamba ni uzi mweupe. Kinachotisha ni mlango ukifunguliwa, upepo na kelele zikaingia kwa ghafla. Tazama mbele kwenye upeo wa macho, laza kichwa begani mwa mkufunzi, mwachie yeye hatua ya kutoka. Ukiona huwezi, sema "siruki" mapema na kwa sauti, ushuke na ndege. Hakuna aibu.

Nitapumua vipi kwa kasi ile ya kuanguka kabla parachuti haijafunguka?

Kama kawaida, ingawa mnaanguka kwa takriban kilomita 200 kwa saa. Wanaokosa hewa ni wale waliobana pumzi. Piga kelele, huwezi kupiga kelele bila kutoa pumzi.

Na parachuti isipofunguka?

Mfuko una parachuti mbili, na kifaa kinachopima mgandamizo wa hewa huifungua ile ya akiba mkiwa bado mnaanguka kasi karibu na ardhi. Hatari ipo, siifichi. Omba uonyeshwe vifaa hivyo kabla ya kuvaa. Kuviona kwa macho kunatuliza kuliko kuambiwa.

Rafiki ananishauri ninywe bia mbili nijipe moyo.

Usithubutu. Pombe na dawa za usingizi hupunguza wepesi wako wa kusikia na kufuata maelekezo, nawe utatakiwa kuinua miguu mnapotua. Kula chakula chepesi, uji au mkate na ndizi.

Nani asiruke?

Mjamzito, mwenye kifafa, mgonjwa wa moyo, mwenye presha isiyodhibitiwa, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, au mwenye maumivu ya mgongo, mpaka daktari aseme. Ukiwa na mafua mazito ahirisha, masikio yatauma vibaya. Na kwa kuwa Diani wengi huzamia baharini kwa mitungi ya hewa, wapishanishe angalau saa 18 kati ya kuzamia na kupanda ndege. Gesi ya nitrojeni iliyobaki mwilini baada ya kuzamia inaweza kutengeneza mapovu ya hatari.

Nikishatua?

Huenda ukatetemeka, ukacheka au kulia. Adrenalini bado haijaisha. Keti mchangani, kunywa maji, kula kitu, na usiendeshe pikipiki mpaka mikono itulie.