Mgeni naye huingia: dhana potofu kuhusu kutembelea majengo ya serikali katika miji mikuu

Watu wengi wakifika mji mkuu wa nchi nyingine husimama nje ya uzio wa bunge, wakapiga picha, wakaondoka. Hakuna aliyewazuia kuingia. Hawakuuliza, au waliuliza siku zimeshapita. Inaniuma kila ninapoliona hilo, kwa sababu mengi ya majengo haya yana utaratibu wa kumpokea mgeni, na mara nyingi bila malipo. Wanaokwama hukwamishwa na maneno waliyosikia kwa wenzao wakayaamini.

"Majengo hayo ni ya raia wa nchi hiyo tu"

Dhana hii haifi kwa sababu ina chembe ya ukweli ndani yake. Kule Washington, maombi ya kutembelea White House, yaani Ikulu ya Marekani, hupitia ofisi ya mbunge au seneta, na mgeni hana mbunge huko. Mwenye pasipoti ya nchi nyingine huelekezwa aulize ubalozi wa nchi yake uliopo Washington. Ubalozi ukijibu kwamba huduma hiyo hauitoi, safari haijaharibika. Capitol, jengo la Bunge la Marekani, lina tovuti ambako mtu wa taifa lolote huweka nafasi mwenyewe, bila mbunge wala balozi, na halipi hata senti. Ila Jumapili usiende, hakuna ziara.

London nako kuna mchanganyiko wa namna hiyo. Mkazi wa Uingereza humwomba mbunge wake ziara ya bure ya jengo la bunge, mgeni hulipia ya kwake. Lakini kukaa kwenye jukwaa la umma na kuwasikiliza wabunge wakijadiliana ni bure kwa kila mtu, wala huhitaji tiketi. Kipindi cha Jumatano cha maswali kwa Waziri Mkuu ndicho chenye ushindani: wenye tiketi kutoka kwa wabunge wao hutangulia, wengine huingia nafasi zikibaki. Na ule mnara wa saa wa bunge hilo, Big Ben, ambao kwa miaka mingi ulikuwa wa wakazi wa Uingereza pekee, sasa huuzia tiketi watu wote. Unapanda ngazi 334 kwa miguu, na kabla kengele haijagonga unapewa vya kuzibia masikio. Tiketi zake huisha haraka mno.

"Ni bure, kwa hiyo nitadamka tu nikaingie"

Kutolipa ni jambo moja, kupata nafasi ni jingine. Kuba la kioo lililo juu ya jengo la Reichstag, bunge la Ujerumani mjini Berlin, halina kiingilio. Hata hivyo kila anayepanda lazima awe amesajiliwa kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, na mlangoni aoneshe pasipoti au kitambulisho. Ukifika bila usajili, kuna kituo cha huduma jirani na jengo wanakoweza kukuandikisha angalau saa mbili kabla ya muda wa kuingia, kama nafasi ipo. Msimu wa watalii, hiyo "kama" ni nzito.

Nalitaja kuba hili kwa sababu sitaki mtu alikose kwa uzembe wa fomu. Lifti inakupandisha hadi kwenye paa, kisha unafuata njia inayozunguka na kupanda polepole ndani ya kioo. Katikati kuna koni iliyofunikwa vioo 360, ambavyo huchukua mwanga wa mchana na kuushusha ndani ya ukumbi wa bunge. Ukiinamisha macho unaona viti vya wabunge chini ya nyayo zako. Msanifu wake ni Norman Foster, na lilifunguliwa 1999. Ushauri wangu: omba muda wa jioni. Kuba hufungwa saa sita usiku, na wakati huo taa za mji zinaonekana pande zote.

Kwa jumla, siku unayokata tiketi ya ndege ndiyo siku ya kuanza maombi. Ombi la White House hupelekwa wiki kadhaa kabla. Anayeandika akiwa tayari hotelini amechelewa.

"Jina si tatizo, watanielewa mlangoni"

Hapa ndipo namwomba msomaji atulie. Jina unalotuma hukaguliwa kabla hujafika, na mlangoni mlinzi hulilinganisha na pasipoti, herufi kwa herufi. Chukua familia ya watu wanne. Baba ana majina matatu kwenye pasipoti, anaandika mawili anayoitwa kazini. Mama anaandika jina la ukoo wa mumewe ilhali pasipoti yake bado ina la baba yake. Kijana wao alizaliwa tarehe 4 Septemba, fomu ni ya Kimarekani inayoanza na mwezi, yeye anaanza na siku: sasa amezaliwa Aprili. Makosa matatu kwenye ukurasa mmoja, na hakuna aliyedanganya. Mlinzi anayeshika orodha asubuhi ile kazi yake ni kulinganisha, hakuwekwa pale kusahihisha.

Kwa hiyo fomu ijazwe pasipoti zikiwa wazi mezani, za wote, hata mtoto mchanga. Mmoja asome, mwingine aandike. Pasipoti ikibadilishwa baada ya kutuma maombi, waarifu mapema.

"Begi dogo halina shida"

Lina shida. White House hairuhusu mikoba, hata ile midogo ya mkononi, na hakuna mahali pa kuiweka. Anayekuja nayo hurudi nayo alikotoka. Simu unaingia nayo, na tangu Julai 2015 picha zinaruhusiwa, baada ya katazo la takriban miaka 40. Capitol hukataa chakula na vinywaji, maji yakiwemo, lakini chupa tupu hupita.

"Nikipata ziara nitawaona wabunge kazini"

Ziara ya jengo na kikao cha bunge ni vitu viwili. Ziara ya Capitol haikufikishi kwenye majukwaa ya Baraza la Wawakilishi wala Seneti. Huko kuna kibali cha peke yake, na mgeni kutoka nje hukiomba akiwa na pasipoti kwenye kituo cha wageni kilicho palepale. Waongozaji hawakosi kulisema hilo, ila wengi hulisikia muda wao umekwisha.

London ziara huwa zaidi Jumamosi na wakati wa mapumziko ya bunge, yaani wabunge wasipokuwepo. Anayetaka mjadala aende siku za kikao. Anayetaka kusimama ndani ya ukumbi wenyewe aende wakiwa mapumzikoni. Kalenda ya bunge iko wazi mtandaoni, isome kabla ya kuchagua tarehe.

"Wakala wa kulipia ndiye wa uhakika"

White House na Capitol hazitozi kiingilio, na nafasi ya White House huandikwa kwa jina la mtu, haihamishiki. Kampuni inayokuuzia "ziara ya Ikulu" mara nyingi inakuuzia matembezi ya nje ya uzio. Kutembezwa na mjuzi wa historia si vibaya, lipa ukijua unalipia nini. Lakini anayekuahidi mlango wa ndani kwa pesa, mkimbie.

"Palipofungwa pamefungwa mwaka mzima"

Si kila mahali. Jumba la Élysée, makao ya Rais wa Ufaransa, hupokea umma kwenye siku za urithi, wikiendi ya tatu ya Septemba. Mtaa wa Downing, kwa Waziri Mkuu wa Uingereza, una geti tangu 1989, hapo utachungulia tu.

"Nimethibitishiwa, basi imekwisha"

Uthibitisho hufutwa. Oktoba 2025 mrengo wa mashariki wa White House, ambako wageni ndiko walikokuwa wakiingilia, ulibomolewa na ziara zikasimama kwa muda. Waliokuwa wameshapanga safari walihitaji mpango wa pili, na mzuri upo karibu: Maktaba ya Bunge la Marekani, iliyounganishwa na Capitol kwa njia ya chini ya ardhi, ambako unaingia bure kwa tiketi yenye saa.

Wakati mwingine jengo lenyewe limehama. Lile la bunge la Kanada mjini Ottawa linalojulikana kwenye postikadi, Centre Block, lilifungwa mwanzoni mwa 2019 kwa ukarabati wa miaka mingi. Wabunge walihamia West Block, jengo la jirani, na Seneti ikahamia katika kilichokuwa kituo cha treni, umbali wa kutembea kwa miguu. Ziara zote mbili, ya wabunge na ya Seneti, ni bure, lakini kila moja ina tiketi yake, na mwenye tiketi ya upande mmoja hapokelewi upande wa pili.