Nyeusi Si Lazima Iwe Hasi: Dhana Potofu Kuhusu Umeme wa Redio za Mapaani

Mezani redio, yaani kile kifaa cha paani kinachorusha mtandao hewani, iliwaka bila shida. Tulikuwa kwenye chumba cha betri juu ya ghorofa moja Embakasi, Nairobi, na kijana niliyekuwa naye alikuwa ameshaingia kwenye mipangilio yake, akaridhika, akaibeba kwenda mlingotini. Boliti ya kwanza ilipogusa chuma, cheche ikaruka. Sekunde chache baadaye kebo ya mtandao ikaanza kunuka plastiki inayoungua.

"Lakini mkubwa, nimeunganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi!"

Alisema kweli. Mita ilithibitisha. Kilichomponza ni imani ambayo mafundi wengi tunaipata kwenye magari, na ndiyo ninayoanza nayo.

"Hasi ndiyo ardhi"

Kwenye matatu, kwenye pikipiki, kwenye redio ya volti 12 ya lori, hasi ya betri imefungwa kwenye bodi la chuma. Ukizoea hivyo unaona kama ni sheria ya maumbile. Si sheria, ni makubaliano tu, na hata magari hayakukubaliana siku zote: Land Rover za miaka ya 1950 zilifungwa chanya kwenye bodi.

Betri yenyewe haijui ardhi. Inajua ncha zake mbili tu, na tofauti ya volti kati yake. Ardhi, yaani udongo au chuma kinachochukuliwa kama udongo, ni kitu cha tatu, na kuna mtu aliyeamua kabla hujafika kwamba ncha ipi ifungwe hapo.

Kwenye mitambo ya simu mtu huyo alichagua chanya. Ndiyo maana inaitwa volti hasi 48: ukiweka ncha nyeusi ya mita kwenye upau wa ardhi (kipande cha chuma ambapo nyaya zote za ardhi hukutana) na nyekundu kwenye waya wenye umeme, mita inaandika alama ya kutoa mbele ya namba. Wapo wanaodhani mita imeharibika. Usishangae pia ukiona 54 badala ya 48. Betri nne za volti 12 zikiwa kwenye chaja muda wote hukaa hapo.

Sababu ya uchaguzi huo ni kutu. Nyaya za simu za zamani zilizikwa ardhini, na unyevu ulikuwa lazima upenye mahali fulani. Waya wa shaba ukiwa chanya kuliko udongo unaouzunguka, umeme unaovuja unaondoka na shaba yenyewe, kidogo kidogo, mpaka waya unakatika. Ukiwa hasi, shaba inabaki, na kinacholiwa ni fimbo ya ardhi, ile ya chuma inayopigiliwa udongoni, ambayo ni nene na inabadilishika. Leo redio zetu ziko juu ya paa na mawasiliano yanapita hewani, lakini chaja, betri na fyuzi zote zimerithi mpango huo.

Sasa rudi Embakasi. Redio ile ilikuwa ya aina inayokubali volti 10 hadi 60, na ndani yake hasi imeungwa na boksi la chuma. Mezani, juu ya mbao, boksi lilikuwa linaelea, halijagusana na ardhi, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Mlingotini, boksi lenye volti hasi 54 liligusana na chuma kilichofungwa kwenye upau wa ardhi, yaani kwenye chanya ya betri. Hiyo ni shoti kamili, ingawa kila waya ulikuwa mahali pake. Umeme ulitoka betrini, ukapita upau, mlingoti na boksi, kisha ukarudi kwa waya wa hasi. Sehemu nyingine ilipita kwenye ganda la chuma la kebo ya mtandao, ambalo upande wa pili lilikuwa limefungwa kwenye kabati lenye ardhi. Ndiyo harufu tuliyoisikia.

Dawa yake ni kigeuza volti ambacho upande wa kuingia na upande wa kutoka havigusani kabisa kwa shaba. Vibao vidogo vya kushusha volti vinavyouzwa Luthuli Avenue kwa bei ya chakula cha mchana kwa kawaida si vya aina hiyo. Hasi ya kuingia ndiyo hiyo hiyo hasi ya kutoka. Kupima ni rahisi: zima kila kitu, weka mita kwenye mlio, gusa hasi zote mbili. Ikilia, kibao hicho hakikutenganishi na chochote.

"Nyeusi ni hasi, nani hajui?"

Hii ndiyo inayoua redio nyingi kuliko radi, nikisema kwa uzoefu wangu tu. Kwenye kabati nyingi za simu, za Huawei kwa mfano, waya wa bluu ndio hasi 48 na mweusi ndio wa kurudi, yaani chanya iliyofungwa ardhini. Fundi wa magari akiona mweusi anasema hasi. Fundi wa nyumba akiona bluu anakumbuka nyutro, anadhani ni waya mpole. Wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa njia yake, na kila mmoja ana uhakika.

Mbaya zaidi ni ile kazi ya mtu aliyekutangulia, aliyeishiwa na waya saa kumi na moja jioni akaunga kipande chekundu alichokuwa nacho mfukoni. Rangi ni ushahidi wa kilichokuwa dukani siku hiyo. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye upau, nyekundu kwenye kila waya kwa zamu: mmoja utasoma karibu na sufuri, mwingine hasi hamsini na kitu. Halafu andika kwenye utepe na ubandike.

"Fyuzi ipo, basi tuko salama"

Iko upande gani? Fundi wa gari huiweka kwenye chanya. Kwenye mfumo wa hasi 48 chanya ndiyo iliyo ardhini, na umeme wa shoti una njia nyingine ya kurudi: mlingoti, ganda la kebo, hata nondo za jengo. Unaizunguka fyuzi yako kama maji yanavyozunguka jiwe, nayo inabaki nzima huku waya ukiyeyuka. Fyuzi inakaa kwenye waya wenye volti, na hapa waya huo ni hasi. Pale Embakasi fyuzi ilikuwa upande wa chanya. Tuliikuta nzima kabisa, inang'aa.

Na daiodi ya kinga ndani ya redio, ile inayopitisha umeme upande mmoja tu? Inasaidia ukigeuza nyaya mbili za kuingilia. Haioni kabisa umeme unaoingia kwa boksi.

"PoE ni PoE"

PoE ni umeme unaopelekwa kwa kebo ile ile ya mtandao. Kuna inayouliza kwanza na kuna isiyouliza. Ile ya viwango, iliyoanza na 802.3af mwaka 2003, hutuma volti chache tu kutafuta ukinzani wa karibu omu 25,000 upande wa pili. Isipouona haitoi umeme. Ikiuona inapeleka volti 44 hadi 57, na kifaa cha kiwango hicho kinatakiwa kukubali chanya na hasi kwa mpangilio wowote kwa sababu ndani yake kuna daiodi zinazonyoosha mambo.

Redio nyingi za mapaa ya Roysambu na Pipeline hazitumii hiyo. Zinatumia aina ya bubu, mara nyingi volti 24, inayomwaga umeme tangu unapochomeka. Wengi wameweka chanya kwenye nyaya 4 na 5, hasi kwenye 7 na 8. Redio za Motorola Canopy zilifanya kinyume. Plagi ni ile ile, inaingia vizuri na inatoa mlio ule ule wa kufunga, kwa hiyo kuingia kwake hakuthibitishi lolote. Ukirithi boksi la adapta lisilo na jina, lipime kwenye plagi kabla halijakutana na redio ya mtu.

"Mlingoti uwe na ardhi yake peke yake, ili radi isiingie nyumbani"

Nimelisikia hili hata kwa watu ninaowaheshimu. Linasikika la busara: radi iishie kwake, nyumba ibaki kwake. Fanya hesabu. Ampea 20,000 zikipita kwenye fimbo yenye omu 10, fimbo hiyo inapanda volti 200,000 kwa muda huo mfupi. Fimbo ya nyumba, mita chache pembeni, haijapanda kiasi hicho. Kati ya hizo mbili kuna kitu kimoja kinachoziunganisha, nacho ni kebo yako ya mtandao. Itapitisha tofauti hiyo mpaka kwenye swichi, na swichi itaimalizia kwenye kila kompyuta iliyo karibu.

Kwa hiyo fimbo zote zinafungwa pamoja kwa shaba nene, fupi, isiyokunjwakunjwa: mlingoti, kabati, ganda la kebo, kizuia radi, ardhi ya Kenya Power. Zote zipande na zishuke pamoja. Kizuia radi kisichofungwa kwenye ardhi hiyo ni pambo la kebo.

Kuhusu kutumia bomba la maji kama ardhi: mabomba ya siku hizi ni plastiki. Tuendelee.

Fimbo nayo ina tabia za mtaa wake. Udongo mwekundu wa Karen na Kikuyu si sawa na udongo mweusi wa pamba wa Embakasi na Syokimau. Huo mweusi ukilowa kati ya Machi na Mei unapitisha umeme vizuri sana, mita inakupongeza. Ukikauka unajikunja na kupasuka, na ufa unapenda kupita pale pale kwenye fimbo.

Kwenye ghorofa lile tulibadilisha mita 30 za kebo, tukahamisha fyuzi kwenye waya wa bluu, tukaweka kigeuza volti kinachotenganisha. Nilirudi mwezi wa Februari kupima ardhi. Fimbo ilikuwa imesimama katikati ya ufa. Niliitikisa kwa vidole viwili ikacheza kama jino la mtoto. Tulichimba, tukapigilia nyingine ndefu zaidi hadi kwenye unyevu wa chini, tukaifunga kwenye nondo za msingi. Keateka alitutazama muda wote, mwishowe akauliza kama waya huo mzito wa shaba hautaibwa. Tuliufunika kwa zege.